Mfuko Usioota Ukungu

Kuku mwingine alikuwa amekufa. Mke wa Mzee Majani alimnyanyua kwa miguu, akamfunga kwenye gazeti na kwenda kumfukia nyuma ya choo.

"Kideri hicho," mumewe alimwambia kutoka mlangoni. "Wachanje waliobaki kabla hawajateketea wote."

"Nitawachanja."

Mzee Majani hakuwa na nafasi ya kuwaza kuku. Siku hiyo wageni wa kiwanda cha unga walikuwa wanakuja kuutazama mfuko wake, na tangu alfajiri alikuwa amekwisha badili shati mara mbili.

Jina hilo la Majani alipewa na majirani, wala hawakumpa kwa mapenzi. Tangu astaafu kazi ya kuendesha mashine za vifungashio, alikuwa akichemsha maganda ya ndizi na wanga wa muhogo, akichanganya na mafuta ya mchaichai, akiukandika uji wake juu ya meza ya kulia chakula na kuuanika hadi ukawa ngozi laini ya kijani. Ngozi hiyo ndiyo aliyoshonea mifuko. Alidai chakula kikikaa humo hakioti ukungu, na pasipo ukungu hapana sumu. Watu walimcheka mpaka wakashika mbavu.

Mkewe hakumcheka. Yeye alijua kilichomsukuma. Kitinda mimba wao alikufa kwa unga wa stoo yao wenyewe, unga uliopigwa na unyevu, ambao baba aliuonja kwa ncha ya ulimi akasema hauna neno, moto utaumaliza uchungu wake. Daktari akawaambia sumu ya ukungu haijui moto. Baada ya maziko mzee alilala akiutazama ukuta. Hakuoga, hakuitikia salamu, na uji alilishwa kwa kijiko kama mtoto mchanga. Kilichokuja kumwinua kitandani ni mfuko.

Mfuko wa kwanza ulimwangusha. Aliufungua mbele ya mkewe, karanga zikatoka zimeota manyoya ya kijani. Alirudi chumbani, akalala na kuugeukia ukuta ule ule.

Ilimchukua mkewe muda mrefu kumbembeleza ajaribu tena.

Mvua zilipokaribia alitia karanga kwenye kiroba cha kawaida, na nyingine kwenye mfuko mpya wa majani, akavitundika vyote katika chumba cha uani kinachovuja. Kila asubuhi alikwenda kufungua, kunusa na kufunga, mpaka mkewe akaja juu.

"Wewe mwenyewe ndiye unayeziingizia hewa! Nipe huo ufunguo. Utakuwa unatazama Ijumaa kwa Ijumaa, basi."

Akampa. Mwanamke akisema jambo la akili, husikilizwa.

Kiroba kiliharibika mapema, kikawa kinanuka hadi jikoni. Lakini mfuko wa majani! Kila Ijumaa karanga zilitoka kavu, zinang'aa, utadhani zimetoka sokoni jana.

"Njoo uone, bibie! Njoo uone!" mzee alipiga kelele, akimzungusha mkewe kama siku ya harusi. Mkewe alicheka huku machozi yakimtiririka. Usiku wa siku hiyo mzee alikula sahani nzima, akaomba nyongeza.

Siku ile ya kumfukia kuku, wageni walifika, wakachota karanga za huku na za kule, wakazipeleka maabara. Majibu yakarudi: za kiroba sumu tupu, za mfuko wa majani safi kabisa. Mkaguzi wa kiwanda, mama mmoja mkavu asiyejua kutabasamu, alimpa mzee mkono na kumwambia kwamba mifuko yake itatumika kufungia unga wa uji wa wadi ya watoto waliodhoofu.

"Hawataujaribu mfuko kwanza wao wenyewe?" mkewe aliuliza jioni ile.

"Wajaribu nini tena? Si mvua nzima imepita?"

"Wangengoja msimu mmoja tu, mume wangu. Haraka haraka haina baraka."

"Watoto wanakufa, bibie. Wewe wa kuniambia ningoje? Wewe?"

Mkewe aliinama akaendelea kuchambua mchele. Mzee alikereka. Alimwona amekuwa kama majirani, mtu asiyeweza kuistahimili furaha ya mwenzake. Kwa siku kadhaa walisemeshana ya lazima tu: chumvi iko wapi, nani kabisha hodi.

Mifuko ikatengenezwa, ikajazwa unga, ikapangwa stoo ya wadi. Mvua zikarudi, zikanyesha za kuzibua makaburi.

Asubuhi moja mzee alivaa koti lake la harusi, akapiga viatu rangi, akaja kusimama mbele ya mkewe jikoni.

"Vaa, twende. Wadini wananingoja. Wanataka niwalishe watoto uji kwa mkono wangu, mbele ya watu." Akafunga kifungo cha juu cha koti. "Nilimlisha mmoja akafa, mama. Leo nakwenda kulisha wadi nzima wapone."

Mkewe aliuachia mwiko. Akaketi sakafuni na kumshika mumewe mguu wa suruali.

"Usiende. Waambie wasiwape uji ule."

"Una wazimu? Mwezi mzima sasa wanaula. Mimi nakwenda kupigwa picha tu."

"Sikutaka urudi kitandani," mkewe alisema, uso ameufukia kwenye suruali yake. "Kila Alhamisi nilizimwaga karanga zilizooza pale kuku wanapodonoa, nikatia mpya."