Kadi ya Pili

Skrubu ilikuwa ngumu leo. Bi Asila aliizungusha kwa ncha ya kisu cha vitunguu mpaka ikalegea, akaivuta kadi nusu kidole, akaufunika ubavu wa kompyuta. Kisha akampigia simu Fundi Tahir.

"Imetoka tena, mwanangu. Ile ya pili."

"Nnakuja, Bi."

Kompyuta ilikuwa ya Nasser, mwanawe, aliyehamia Maskati mwaka juzi. Alijinyima mpaka akapata bodi ya kifahari yenye nafasi ya kadi mbili za picha, zifanye kazi pamoja, atengeneze katuni zake. Siku hizi katuni kaziacha, na simu hupiga kwa nadra. Bi Asila kabaki ghorofa ya nne, Michenzani, na chumba anachokifuta vumbi kila siku ingawa hakilaliwi na mtu.

Mara ya kwanza kadi aliing'oa kwa bahati mbaya, akifuta vumbi ndani ya kompyuta, kitambaa kiliponasa; wakati ule haikuwa imefungwa skrubu. Fundi akaja, akanywa kahawa vikombe vitatu, wakazungumza mpaka adhuhuri. Wiki iliyofuata nyumba ilikuwa kimya hata akawa anasikia friji inavyonguruma. Jumamosi akachukua kisu, na tangu hapo kila Jumamosi.

Dhambi ile ilimkereketa. Kumtoa mtu na shughuli zake Bububu, apande ngazi zote zile kwa uongo! Na malipo hataki.

"Kazi ya kupuliza vumbi, Bi, nikudai nini?" husema kila mara. "Wala usijilaumu. Kadi hizi zina tabia ya kutoka zenyewe."

Basi Tahir akafika, akaamkia, akaingia chumbani na brashi yake. Bi Asila alikuwa jikoni anapanga kashata kwenye sahani simu ilipolia. Alikuwa Nasser.

"Mama, kesho atakuja rafiki yangu, Jaku, kuichukua ile kompyuta. Nshampa."

Bi Asila aliiweka sahani chini. Jumamosi zake zote zilikuwa mle ndani ya lile sanduku.

"Haijawa tayari," alidakia, akashusha sauti. "Kadi ya pili inasumbua. Mwambie angoje mwezi. Miezi miwili. Fundi yumo humu anaitengeneza."

"Fundi gani?"

"Huyu huyu wako, Tahir."



"Mama, kadi ile haijafanya kazi hata siku moja. Haipatani na bodi. Tahir mwenyewe ndiye aliyegundua, akaung'oa waya wake wa umeme mbele yangu. Tuliiacha pale iwe pambo tu."

Bi Asila aligeuka, akautazama mlango wa chumba.

"Bi Asila!" Tahir aliita kutoka ndani. "Leo imetoka vibaya sana. Nnaona itabidi nije na kesho."