Ncha ya Utepe

Shemeji aliinama chini ya kaunta ya duka lake la dawa, akaibuka na boksi. "Pampu za pumu zimeadimika mji mzima," alisema, "lakini mama mkwe wangu hawezi kukosa."

Macho yangu yaliganda kwenye utepe wa gundi. Ncha yake ilikuwa imekunjwa pembetatu.

Katika stoo nzima ya hospitali ninakofanya kazi, anayekunja hivyo ni mimi tu, ili anayefungua asihangaike kuitafuta ncha kwa kucha. Wenzangu hunicheka kwamba nafunga dawa kama zawadi za harusi. Boksi hilo nililifunga jana, liende wadi ya watoto.

Shemeji aliona ninachokitazama. Akapasua utepe, akanipa pampu moja.

"Ndugu hawauziani. Ila uliyoyaona yaishie hapa hapa."

Mama alikuwa kwenye benchi nje, kifua kikilia filimbi. Nilimpelekea pampu kwanza, hasira ingesubiri. Alivuta mara mbili, mabega yakashuka.

Niliporudi ndani, simu yangu iliita. Alikuwa muuguzi wa wadi ya watoto.

"Dada, lile boksi mbona halijafika? Nina mtoto hapa, midomo imeanza kuwa ya bluu!"

Shemeji alinitikisia kichwa, polepole.

"Mwanangu," Mama aliita kutoka nje, sauti imemrudia, "umemshukuru shemeji yako?"

Nililikumbatia boksi kwa mikono yote miwili.

"Tuma gari sasa hivi," nilimwambia muuguzi. "Liko dukani kwa shemeji yangu."