Karatasi za Ndani ya Bahasha

Haya alinisimulia Tabu, mfagiaji wa benki, jana tukichambua mchele.

Siwema aliitwa benki. Kadi yake ilikuwa imetumika kuweka bahasha ya pesa kwenye mashine ya benki, ikaandikwa laki nane, na pesa hizo zikatolewa kabla bahasha haijafunguliwa. Meneja akaifungua mbele yake. Ndani mlikuwa na karatasi za daftari zilizokatwa saizi ya noti, zina a, e, i, o, u za mtoto.

Siwema aliujua mwandiko wa mwanawe. Kadi alikuwa amempa mdogo wake, Shaweji, akamtazamie salio.

"Mama, nani alikuwa na kadi?" meneja akamwuliza. "Mtaje, urudi nyumbani."

"Nilikuwa nayo mwenyewe."

Polisi wakamchukua. Mlangoni akamwambia Tabu, "Shoga, pita kwangu. Mwambie Shaweji ampe mtoto dawa ya kifua."

Tabu alimkuta Shaweji kavaa viatu, begi liko miguuni.

"Amenitaja?"

"Hajakutaja. Kasema umpe mtoto dawa."

Shaweji akapima kijiko. Mtoto akanywa, akalala. Naye Shaweji akajilaza ubavuni kwake na viatu vyake, uso ukutani. Tabu akakaa kizingitini mpaka usingizi ukamchukua Shaweji.