Trei Iliyogoma

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2014, saa nne asubuhi, mchumba alikuwa amepiga magoti mbele ya laptopu ya mama mkwe mtarajiwa, akiibembeleza kama mtoto aliyekataa dawa.

"Imeharibika tena," mama alimwambia pale mlangoni, kabla hata hajavua viatu. "Haisomi sidii. Sijui ina nini. Kila akija mgeni, ndipo inapogoma."

Sidii yenyewe ilikuwa ya mahafali ya kisomo cha watu wazima, siku mama alipopanda jukwaani akasoma barua aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka mgeni aitazame. Mgeni naye alitaka jambo moja tu: mama akubali amwoe binti yake. Kwa bahati mbaya alikwisha kujigamba kwa binti kwamba yeye ni bingwa wa kompyuta, na sifa hizo zilifika nyumbani kabla yake. Ukweli ni kwamba alikuwa karani wa stoo. Kompyuta aliijua kwa kuandika idadi ya mabati, basi.

Akabonyeza kitufe cha trei, kile kisahani cha kuwekea sidii. Kimya. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Akafungua orodha ya vifaa: kipanya kilikuwamo, spika zilikuwamo, lakini kiendeshi cha sidii hakikuwamo, kana kwamba hakijawahi kuzaliwa.

"Umetazama chini yake?" mama aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, akikaza skrubu ya mguu wa sindano kwa bisibisi ndogo.

"Aa, mama, chini hakuna kitu. Haya ni mambo ya ndani, ya programu."

"Haya, mwanangu. Ninyi ndio mliosoma."

Kule jikoni binti alikohoa. Kikohozi kile kilifanana sana na kicheko kilichozibwa kwa kiganja.

Saa sita ilimkuta mchumba palepale, shati limegandana na mgongo. Alikuwa amefuta, amepuliza, amepapasa kila kitufe, na kimoyomoyo ameahidi kuacha dhambi tatu. Trei haikusogea.

Ndipo wazo likamjia. Kwa nini asiseme imeungua? Nani angembishia? Mama huyu alijua kusoma juzijuzi tu!

"Mama," alianza, akijikohoza kitaalamu, "hii laptopu yako ime..."

Macho yake yakaangukia cheti cha kisomo cha mama ukutani. Kioo chake kilikuwa kimefutwa mpaka kikamrudishia sura yake mwenyewe.

"Imefanyaje?" mama aliuliza.

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui ina nini, mama. Na mimi si bingwa wa kompyuta. Ni karani wa stoo. Nilijikweza ili nionekane mtu. Nisamehe."

Mchumba akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho, akijiona tayari yuko barabarani, peke yake.

Mama akainuka na bisibisi yake mkononi. Akaizima kompyuta, akaifunga, akaipindua. Kwa kidole gumba akakisukuma kiendeshi, kilichokuwa kimechomoza nje kwa unene wa kitambaa cha jinzi, kikaingia mahali pake: tak! Kisha akatoa skrubu moja mfukoni mwa aproni, akairudisha kwenye tundu lake, akaikaza. Alipoiwasha kompyuta na kubonyeza kitufe, trei iliteleza nje kwa adabu zote.

"Binti!" akaita kuelekea jikoni. "Yule mchumba wa kwanza alisema imeungua. Wa pili akasema ina virusi. Huyu amesema hajui. Mletee mumeo chai!"

Nawe uliyeisoma hadithi hii, mfikishie kila mwenye binti. Wachumba usiwaambie.