Jina la Tatu

Karani wa hospitali alimgeuzia fundi cherehani kioo cha kompyuta ili amtoe wasiwasi.

"Dada, usiogope kukubali faili lako lisomwe na hospitali nyingine. Kila anayelifungua anaacha jina lake. Tazama mwenyewe."

Majina yalikuwa matatu. La daktari wake, la mtu wa maabara, na la mdogo wake wa tumbo moja, mpokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno ya hospitali hii hii, ng'ambo ya mji. Alilifungua Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi.

Fundi hajawahi kuumwa jino maishani.

Alhamisi yake, mchumba wake alituma wajomba kuja kuvunja uchumba. Eti wamesikia hana kizazi. Siri hiyo hata mama hakuijua. Mdogo wake ndiye aliyemkumbatia, akawalaani walimwengu wasiojua kufunga midomo, akalia mpaka bega la gauni likalowa.

Fundi alijishika bega, pale pale.

"Niweke ndiyo au hapana?" karani aliuliza.

Mlango ulifunguka kidogo. Mdogo wake alichungulia, amemshikia mkoba.

"Dada, bado tu? Wanakuuliza nini, nikusaidie kujibu?"