Mizizi ya Ng'ambo ya Mto

Zawena aliingia uani kwa shangazi yake akiwa bado amevaa koti jeupe la maabara. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi, kila mmoja na kikombe chake, na sufuria ya dawa ilikuwa ikifuka mvuke.

"Shangazi, usiwape," alisema. "Panya niliowanywesha dawa hii wamekufa wote."

Bi Mashavu aliendelea kukoroga. "Nimekutibu kwa mizizi hii tangu ukinyonya."

"Siyo hii. Ile ya zamani imekwisha porini. Hii uliyoletewa kutoka ng'ambo ya mto inafanana nayo tu."

Watu wakaanza kutazamana. Mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa aliinuka aondoke. Bi Mashavu alipomwona, uso ulimsawijika. Hakuna aliyewahi kutoka uani kwake bila dawa.

"Kaa, mama," alisema. Akachota kikombe tele na kukinywa chote kabla Zawena hajamfikia. Kisha akapangusa midomo na kucheka. "Haya, nimekufa?"

Watu nao wakacheka. Mama yule akaketi tena, vikombe vikanyooshwa. Zawena alimshika shangazi yake mkono, lakini alisukumwa kando.

Jua la adhuhuri lilikuwa limeujaza ua. Bi Mashavu alimimina kikombe cha mama yule, akamimina kinachofuata, halafu dawa ikaanza kumwagika mchangani.

"Zawena," aliita kwa sauti ndogo, "mbona kumeingia giza?"

Mama yule alikuwa ameshakiegemeza kikombe kwenye midomo ya mwanawe.