Fotokopi

Fundi cherehani alilifunika daftari lake kwa kiwiko. Jirani yake wa dawati, fundi magari, alikuwa ameanza tena kurefusha shingo.

Darasa zima la Kijerumani lilimwita Fotokopi, na jina lilimkaa. Kila siku mwalimu aliwataka waseme mipango yao ya mbele: nataka, naweza, lazima. Fundi cherehani akisema anataka kununua viatu, Fotokopi naye anataka viatu. Akisema lazima aende kwa daktari wa meno, Fotokopi naye jino linamuuma.

“Kaka, wewe huna mipango yako?”

“Ninayo, dada. Kwa Kijerumani ndiyo sina.”

Mtihani haukuwa mchezo. Bila cheti hakuna viza ya kumfuata mwenzi wako huko Ujerumani, na fundi cherehani alikuwa na mwaka wa nne hajamwona mumewe. Alimkumbuka hadi hamu ya kula ikakatika.

Mume kila akipiga simu alimtuliza. “Mke wangu, usiukimbilie mtihani. Haraka haraka haina baraka. Halafu nimepanga chumba na mwenzangu, tunabanana.”

Basi akawashonea mapazia, akayatuma kwa posta, ili hao wanaume wawili angalau waishi kama watu. Kitambaa cha njano kilimpungukia, pindo la kushoto akaliunga kwa kipande cha bluu.

Fotokopi naye alikuwa na mke huko, nesi. Naye, eti, mkewe alimwambia asiukimbilie mtihani. Hata hilo fundi cherehani aliona limenakiliwa.

Siku ya mtihani wa kuongea waliitwa wawili wawili. Ukiwa na mkosi huna lako: akapangwa na Fotokopi.

“Unataka kuishi wapi?” mtahini aliuliza kwa Kijerumani.

Jibu hili alikuwa amelifanyia mazoezi miezi sita, huku anatia nyuzi kwenye sindano. “Ich will,” alianza. Anataka kuishi na mume wake. Akautaja mtaa, namba kumi na saba, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Hakukosea hata neno.

Mtahini akamgeukia Fotokopi. Fotokopi alimkodolea macho fundi cherehani. Ich will, akasema. Anataka kuishi na mke wake. Mtaa uleule, namba kumi na saba, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto.

Mtahini aliweka kalamu chini, akawaambia watoke nje wasubiri.

Kwenye korido fundi cherehani alimpasha. “Huna haya wewe! Watatufelisha wote! Umeiba viatu, umeiba jino, sasa mpaka mlango wa mume wangu?”

“Sijanakili, dada.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Haki ya Mungu, leo sijanakili.”

Alitoa pochi, akachomoa picha ya mkewe. Nyuma yake iliandikwa anwani, kwa mwandiko wa kike.

Macho ya fundi cherehani hayakufika kwenye anwani. Pichani mwanamke alikuwa amesimama dirishani, anacheka, na mgongoni pake yalining’inia mapazia ya njano, pindo la kushoto limeungwa kwa kipande cha bluu.